Salamu za Kila Akiamka

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nilimaliza kidato cha nne, nikarudi Bariadi, nikakaa. Soko huria lilipoingia na kila mtu akageuka mfanyabiashara, ni mke wangu aliyebeba robota la mitumba na kuzunguka minada hadi Maswa. Mimi nikabaki na mtoto. "Mlinzi wa kaya," majirani waliniita. Cheo nilikipokea.

Binti yetu alipoanza kukaa kwa kuegemea mto, alianza pia kusalimia. Akiamka tu, kichwa kinainama ghafla, mikono inaruka mbele, magoti yanakunjika. Anatulia kidogo, anarudia, tena na tena. Mama yangu, tuliyekuwa tukiishi naye, alifurahi kupita kiasi. Kwetu msichana husalimia kwa kupiga goti, na huyu hata kutambaa alikuwa bado.

"Mwangaluka, mayu!" mama alimjibu kila alipoinama, kwa salamu yetu ya asubuhi ya Kisukuma. "Mwangaluka! Hebu muone. Adabu hii hakuitoa kwa baba yake."

Nilitamba naye. Mgeni akija, namwambia asubiri mtoto aamke.

Kilichonishtua ni kicheko. Nyumba nzima ilinicheka, lakini yeye alinicheka kwa moyo kuliko wote: nikijitanda kanga ya mama yake na kubweka, alicheka mpaka pumzi ikamkwama. Siku moja nikajitanda, akaangalia ukuta. Nikabweka, bado ukuta. Na kukaa akaacha. Ukimweka anaanguka ubavu kama gunia la pamba lisilojaa.

Mke wangu aliporudi mnadani nikamweleza. "Twende hospitali," akasema. "Wewe unayeshinda naye ndiye utakayesema."

Mbele ya daktari maneno yalinikimbia, likabaki moja tu: "Anasalimia." Nikapiga magoti sakafuni, nikainama, nikarusha mikono, nikarudia. Mke wangu akageukia dirishani kama hanijui.

"Baba, inatosha," daktari alisema. "Nimeelewa. Hiyo si salamu. Ni kifafa cha watoto wachanga."

Tulianza na fenobabitoni, kidonge kilichokuwepo. Mtoto akalala kama jiwe, na akiamka anasalimia vilevile, ila kwa usingizi. Tukarudi. Daktari akasema tujaribu prednisoloni, dawa ambayo wengi huijua kwa pumu. Kuna watoto inaowasaidia, kuna isiowasaidia, na tukichelewa akili inaweza kudumaa. Uso utavimba, atakuwa na njaa na hasira. Akipata homa hata kidogo, mleteni. Na msiikatishe ghafla, tutaipunguza taratibu.

Hospitali ilikuwa imeishiwa. Mke wangu akaipata Maswa, kwenye moja ya yale maduka ya dawa ya watu binafsi yaliyokuwa yanafunguliwa. Tangu hapo sijaubeza tena uchuuzi.

Nilikisaga kidonge kwa vijiko viwili, nikakikoroga na maziwa ya mama yake. Uso wa mtoto ukawa duara kama wa mnunuzi wa pamba. Alilia, alinyonya, akalia tena. Lakini salamu zilipungua.

Asubuhi moja mama alikaa kando ya mkeka kama kawaida yake. Mtoto akafumbua macho.

"Mwangaluka, mayu."

Kichwa hakikuinama.

"Mwangaluka!"

Mtoto akamtazama tu, mashavu yamejaa.

"Leo amenidharau," mama akasema, akajifunika uso kwa kanga, mabega yakitikisika.

Mimi nikachukua kanga ya mke wangu, nikajitanda, nikabweka. Mtoto aligeuza kichwa polepole. Hakuangalia ukuta. Aliniangalia mimi, akacheka mpaka pumzi ikamkwama.

"Bora amepona," mke wangu alisema kutoka mlangoni, akipangusa macho. "Ameshajua baba yake ni mtu wa namna gani."

Alichelewa kutembea, akachelewa kusema, lakini vyote alivifikia. Sasa ni mtu mzima, na hana haraka ya kusalimia mtu. Wazee wa mtaani huja kunishitakia: binti yako amepita hapa kichwa juu, hata goti hakukunja!

Nawaomba radhi. Kisha naingia ndani, nimevimba kifua.