Mafahali Juu ya Kipande Changu cha Lami

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, lakini riziki yangu inataka subira: napima jinsi barabara inavyobonyea chini ya lori zito. Barabara zote hubonyea, hata unayoiona ngumu kabisa. Ikibonyea kidogo na kurudi, itadumu. Ikibonyea sana, mvua mbili tatu tu na mashimo hayo.

Karibu na Habaswein nilikuwa na kipande changu. Nasema changu kwa kuwa niligombana na nusu ya ofisi ndipo kikajengwa. Chini ya lami, badala ya kokoto za kusombwa kutoka mbali, tuliweka mawe meupe laini yanayochimbwa papo hapo, tukayachanganya na saruji kidogo. Mkubwa wangu hakuyaamini hata chembe. Alinipa sharti: nipime baada ya mvua, na sindano ya kipimo ikipita alama yake popote pale, kipande king'olewe chote na nisimtajie tena mawe yale. Siku ya kupima ilipofika, kipimo chenyewe kilikuwa cha kuazima, kesho yake kinaondoka. Ilikuwa siku hiyo au basi.

Nilikuwa nimemwagiza dereva wa hapo mjini, mzee mwenye ndevu za hina, ajaze lori mchanga ili liwe zito. Asubuhi nikalisikia kabla sijaliona. Lori lilikuwa linalia mbuu! Limesheheni mafahali.

"Mchanga uko wapi, mzee?"

"Abaayo," akasema, ndiyo dada kwa Kisomali, "mchanga si huu hapa chini? Nani anabeba mchanga juu ya mchanga? Watu watasema mimi nimebata wazimu." Mafahali walikuwa wakienda soko la Garissa. Njia ni moja, na uzito ni uzito.

Lahaula! Nilipandwa na mori. Nilimwambia maneno ambayo marehemu mama angenifinya kwa kuyasema. Alingoja nimalize. "Haye. Bima uzito kwanza, halafu tukana tena."

Tukapandisha matairi kwenye mizani. Uzito umezidi. Tukateremsha mafahali wawili, tukawafunga kwenye mgunga, na uzito ukakaa pale pale nilipoutaka.

Kipimo ni boriti ndefu ya chuma. Ncha yake huingia katikati ya matairi ya nyuma, na upande wa pili kuna sindano. Sindano ikitulia unasoma, lori linasogea mbele, barabara inainuka, unasoma tena. Lakini itulie vipi? Huyu anajikuna, yule anamsukuma mwenzake, na sindano inacheza ngoma. "Simameni, nyinyi!" nikawafokea. Wakazidi.

Mwenye mafahali akashuka kutoka mbele, mama wa makamo, jilbabu limejaa vumbi. "Unataka nini na ng'ombe yangu?"

"Watulie, hooyo," nikasema, ndiyo mama kwa Kisomali. "Kidogo tu, kabla lori halijasogea."

"Hiyo tu? Sasa mbona unabiga kelele? Ng'ombe hapana sikia kelele. Ng'ombe inasikia kisima."

Akashika ubao wa lori, akaanza kuimba. Ulikuwa wimbo wa kunywesha, ule wanaouimba wafugaji kisimani wakati mifugo inangoja zamu yake. Masikio yote yakamgeukia. Mafahali wakainamisha vichwa, wakasimama tuli, na sindano ikatulia.

Tukaenda hivyo nukta kwa nukta, dereva akitambaa na lori, mama akiimba kando, mimi nimelala kifudifudi juu ya lami ya moto. Kila sindano iliporudi ilikuwa chini ya alama. Ikabaki sehemu ya mwisho, ile ya bondeni, ambako maji yalituama msimu mzima. Hapo niliogopa, sifichi. Nikasema bismillahi, lori likasogea. Sindano ikajongea kidogo, kidogo tena, ikakoma mbali na alama.

Nikalia. Nililia kwa sauti katikati ya barabara kuu.

Mama akakatiza wimbo. "Nani amekufa?"

"Hakuna, hooyo! Barabara yangu ni nzima!"

Nikampigia mkubwa. Akasema, "Basi kiache kilivyo." Dereva akacheka hadi akashika magoti, nami nikaikumbatia boriti, maana mzee wa watu haikuwa adabu kumkumbatia.

"Alhamdulillahi," mama akasema. Hakuwa akicheka. Alikuwa anawatazama mafahali, ambao walikuwa bado wameinamisha vichwa, wanangoja. "Sasa maji yabo wabi? Mimi nimewaimbia kisima barabara nzima. Ng'ombe haidanganywi."

Maji yalikuwa kwenye tangi la kambi yetu, ya kunywa na kuoga ya siku zilizobaki. Nikaenda kulifungua.