Tulivyokwenda Giteranyi Kuposa Kipande cha Roketi

Chumba chetu cha mikutano kiko nyuma ya duka la ushonaji la Mama Hadija, hapa Gitega, na kwa nyinyi msiokijua, hicho ndicho kituo kikuu cha anga za juu cha Burundi nzima. Kina mabenchi mawili, simu moja yenye kioo kilichopasuka tunayoikodolea macho watu tisa, na picha ya sayari ya Mars iliyovujiwa na mvua hadi ikapata bahari. Humo tumeona roketi nyingi zikiruka kuliko wanaozirusha, maana wao wakati mwingine hulala.

Matajiri wa roketi wana lugha yao, nasi tumeiazima. Roketi yao ikilipuka, hawasemi imelipuka. Wanasema wamekusanya data nyingi sana. Basi kwetu ugali ukiungua, tumekusanya data. Mtu akikataliwa na mchumba, amekusanya data. Wakitangaza kwamba watu watafika Mars baada ya miaka miwili, sisi tunaelewa, kwa sababu hata fundi viatu wa sokoni husema rudi kesho. Shabani, mtoto wa Mama Hadija, fundi wa simu na Mkurugenzi wetu wa Urushaji, kila mama yake anapomwuliza ataoa lini, hujibu hivyo hivyo: "Baada ya miaka miwili, Mama." Kwa hesabu zangu amelijibu hilo tangu roketi zilipokuwa bado hazijui kurudi.

Jumatatu hiyo Mama Hadija alifungua pazia, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni, akatutazama kama kitambaa kilichokatwa vibaya.

"We Radjabu, na we Shabani, na nyinyi wengine wote. Mi niko nasikia roketi, roketi, kila siku. Ata musumari moja ya roketi sijaona. Bon, sawa. Jumamosi muuza magodoro anaingia humu."

"Mama, tupe muda kidogo," Shabani akasema.

"Miaka miwili?"

Hakuna aliyecheka. Bila chumba kile klabu yetu imekufa. Hakuna nyumba nyingine Gitega inayovumilia watu tisa wanaopiga kelele kwa ajili ya moshi wa Amerika. Nami, mwenye cheti cha masomo ya jioni na fizikia niliyoisoma kwa mwanga wa mshumaa mmoja tuliogawana darasa zima, nikasimama juu ya benchi nikaapa: kabla ya Jumamosi kwisha, Mama Hadija atakiona kipande cha roketi halisi, ndani ya chumba hiki.

Sikuapa hewani. Ezekieli, mkulima wa Giteranyi aliyekulia Tanzania na ambaye ni mwanachama wetu wa mbali kwa njia ya simu, alikuwa ametutumia picha. Kitu cheusi, cha mviringo, kikubwa kuliko chungu cha pombe, kimelala katikati ya mihogo yake. "Kimeanguka chenyewe," alisema kwenye sauti aliyoituma. "Njooni mkichukue." Tulikitambua mara moja: chupa ya gesi ya roketi, ile inayozungushiwa nyuzi nyeusi ngumu ili isipasuke. Tuliipiga busu ile picha mpaka simu ikajipiga yenyewe.

Jumatano asubuhi, kituo cha magari, Gitega. Tulikwenda wawili, mimi na Shabani, tukiwa na glavu za kufulia, kitambaa cha kufunika pua, kreti ya soda ya kumshukuru mwenyeji, na gunia. Dereva wa Probox alituambia tunaondoka sasa hivi. Ikafuata ile hali ambayo wenzetu wa roketi huiita kusimamisha hesabu. Kwanza petroli. Foleni ya petroli ilikuwa ndefu kiasi kwamba mbele palikuwa na jua na nyuma pananyesha mvua. Roketi hujazwa mafuta kwa saa moja ikaenda mwezini. Sisi tulijazwa asubuhi nzima ili tufike Karuzi.

"Tano, nne, tatu," Shabani alihesabu gari lilipowaka. Likazimika. "Bon. Tumekusanya data."

Saa sita mchana, miteremko ya kuelekea Karuzi. Hapa ndipo ninapowahurumia wahandisi wa ng'ambo. Wanajivuna kwamba siku hizi roketi yao inarudi na kutua wima, kama mlevi anayeijua nyumba yake. Waje watazame vijana wetu wanavyoshuka kilima na baiskeli iliyobeba mikungu ya ndizi mpaka juu ya kichwa, breki ni kandambili tu, moshi wa raba unanuka hadi ndani ya gari letu. Shabani alimpigia saluti mmoja aliyetupita. Naapa yule kijana alikuwa ameanza kung'aa pembeni, kama chombo kinachoingia kwenye hewa.

Muyinga, alasiri. Tulikula wali na maharage, tukapanda pikipiki mbili kwenda Giteranyi, kreti yangu mapajani, gunia la Shabani likipepea nyuma yake kama parachuti. Vumbi lilikuwa zuri, jekundu kabisa. "Radjabu!" alinipigia kelele. "Tumefika Mars, na ata miaka miwili haijapita!"

Giteranyi, kabla ya jua kuzama. Ezekieli alitupokea kwa mikono miwili na Kiswahili kilichonyooka cha ng'ambo ya mpaka. "Karibuni sana, ndugu zangu. Mmechoka. Kipo hapo uani."

Kilikuwepo kweli. Ila juu yake alikuwa amekaa mama yake, Bibi Veronika, anapukuchua maharage.

Nilivaa glavu haraka. "Shikamoo, Bibi. Tafadhali usiguse hicho kitu! Kinaweza kuwa na sumu!"

"Marahaba. Sumu?" Hakuinuka. "Kilipasuka hapa ubavuni, mvua ikakiosha, mbuzi akakilamba, nami nimekikalia msimu mzima. Hebu vua hizo glavu unywe maji."

Nilivua. Shabani, aliyekuwa bado amejifunga kitambaa puani, akakunjua lile gunia polepole. Bibi akaliona.

"Hilo la nini?"

"Ya kumubebea, Bibi. Ezekieli alisema tuje tukamate."

"Ezekieli!" Bibi alimgeukia mwanawe, jitu zima lenye watoto wanne, naye akaanza kutazama vidole vyake vya miguu. "Ulisema wachukue? Uliniuliza?" Kisha akatugeukia sisi. "Sikilizeni. Mungu amenipa wana saba. Binti hakunipa. Huyu ametoka juu mbinguni, akapita mashamba ya majirani wote, akaangukia kwangu. Jumapili, watu tukiwa kanisani. Halafu nyinyi mnatoka Gitega mnataka kumtia kwenye gunia, kama mkaa?"

"Hapana, Bibi," nikasema.

"Binti wa watu anaombwa. Kesho mje na msemaji wenu, nasi tutakuwa na wetu."

Usiku huo tulilala kwa Ezekieli, na mimi nikamtuliza Shabani kwamba ni mzaha tu wa kikongwe. Nilikuwa bado sijakusanya data za kutosha.

Alhamisi, baada ya watu kutoka mashambani. Uani palipangwa mabenchi pande mbili zinazotazamana, kama posa yoyote unayoijua. Majirani walijaa, naweza kusema elfu mbili, ingawa Shabani anasema arobaini. Chupa ya roketi ilikuwa imefunikwa kitenge cha maua. Msemaji wao alikuwa Nestori, mfanyabiashara wa ndizi mwenye pikapu na sauti inayofika Tanzania bila kulipa ushuru. Msemaji wetu ilibidi niwe mimi. Kreti yetu ya soda iliwekwa katikati, kando ya pombe yao ya ndizi.

Nestori alisimama. "Wageni, mmepotea njia, au mmetumwa?"

"Mzee, hatukupotea," nikajibu, nikipandisha kifua. "Tumesikia harufu ya ua zuri lililochanua katika boma hili."

"Ua lenyewe lina kilo ngapi?"

Watu wakacheka hadi mbuzi wakahama.

"Na baba yake ni nani?" Nestori akaendelea. "Sisi ni walezi tu. Msije mkatuambia kesho ana wenyewe."

"Baba yake ni tajiri mmoja wa ng'ambo, mwenye kampuni ya roketi."

"Amemtafuta?"

"Hapana. Sisi tulitazama wenyewe kwenye simu. Kila wakirusha hupiga makofi, wakakumbatiana, wakasema safari imekwenda vizuri kabisa."

Watu wote uani wakaguna. "Baba anaangusha mtoto njiani," Nestori akasema, akiwazungukia wasikilizaji wake mmoja mmoja, "halafu anapiga makofi!"

Hapo tulikuwa tumeshashinda, kama si Shabani. Alinyanyua mkono kama mwanafunzi. "Lakini, Wazee, mi nataka kusema ukweli. Sheria ya anga iko inasema, baba akimudai, lazima arudishwe."

Nilimkanyaga mguu. Nilikuwa nimechelewa. Kisha Bibi Veronika, ambaye kwa desturi hakupaswa kusema, akasema: "Huyu hadanganyi." Akamnong'oneza Nestori.

"Bwana harusi ni nani?" Nestori akauliza.

"Ni klabu yetu yote, Mzee."

"Klabu haina miguu ya kuja kusalimia wakwe. Mwenye binti amemchagua huyu."

Kidole kilikuwa kimemwelekea Shabani. Alibadilika rangi zote ambazo chuma hupitia kikipashwa moto. "Radjabu," alininong'oneza, "mi nilikuja kubeba gunia tu!"

"Ana nyumba?" Nestori akauliza.

Na hapa, wasomaji wangu, ndipo ulimi wangu ulipoachana na mnara wa kurushia. "Nyumba? Ana chumba chenye umeme mchana na usiku! Mapazia ya hariri! Picha za nchi za mbali ukutani! Na mama mkwe wa binti ndiye mshonaji mkuu wa Gitega nzima. Tangu Jumatatu halali, anauliza tu, mkwe wangu anafika lini?"

Vigelegele. Wanawake walitikisa vitenge. Nikanyoosha mikono kupokea mzigo.

"Vizuri," Nestori akasema. "Mmeomba, tumesikia, tumekubali. Lakini binti haondoki siku ya kuombwa, hata Gitega mnajua. Jumamosi tutamleta wenyewe. Tuione hiyo nyumba, tumsalimie huyo mama asiyelala. Yakiwa kama ulivyosema, atabaki. Yasipokuwa, tunarudi naye."

Ijumaa, njia ya kurudi. Gunia tupu ni zito, hamuwezi kuamini. Shabani alilikunja na kulikunjua hadi Karuzi.

"Kesho asubuhi magodoro inaingia," akasema hatimaye. "Mchana wakwe wanaingia. Donc, yaani, wakwe watakaa juu ya magodoro."

"Tumekusanya da..."

"Funga kinywa, Radjabu."

Gitega, jioni ile ile. Mama Hadija alikuwa kwenye cherehani. Nilisimulia yote, nikipunguza chumvi kwa mara ya kwanza maishani, maana habari yenyewe ilikuwa na chumvi ya kutosha. Mguu wake ulikanyaga, ukapunguza mwendo, ukasimama.

"Donc," alisema polepole, "mtoto wangu ameposa."

"Ndiyo, Mama," nikasema.

"Chuma."

"Chuma cha hali ya juu, Mama."

"Na wakwe wako nakuja kesho. Na umesema mi silali."

Shabani alianza kuomba msamaha, mama yake akamnyamazisha kwa mkono. Nilisubiri mkasi urushwe. Badala yake alisimama, akafungua pazia, akachungulia kituo kikuu cha anga za juu: maganda ya karanga, buibui, Mars yenye bahari.

"Wageni wangapi?"

"Kama... kumi?"

"Na watakuta chumba ya mtoto wangu iko hivi? Watu ya Giteranyi waende kusema Hadija anapokea wakwe ndani ya vumbi? We, kamata fagio! We, Shabani, maji!" Akachukua simu. "Allô, Baba Magodoro? Kesho usikuje. Niko na wageni ya posa." Akasikiliza. "Ya nani? Ya Shabani! Mi mwenyewe sikutegemea."

Sijawahi kusikia mama akisema jina la mtoto wake kwa sauti ile. Usiku kucha cherehani lililia. Kwa hiyo ile ya kutolala, angalau siku moja, ikawa kweli.

Jumamosi, mchana. Pikapu ya Nestori ilisimama mbele ya duka. Bibi Veronika alishuka amevaa nguo za kanisani kabisa, na nyuma yake Ezekieli na Nestori wamemshika binti katika kitenge chake. Chumba kilikuwa na mapazia mapya, si ya hariri lakini yaling'aa, na pilau ilinukia hadi stesheni ya petroli. Bibi alizunguka, akagusa ukuta, akawasha taa, akaizima, akaiwasha. Umeme, nashukuru Mungu, ulikuwepo.

Mama Hadija aliinama akafunua kitenge. Akapitisha kidole kwenye zile nyuzi nyeusi, mzunguko juu ya mzunguko. Sote tisa tulisogea.

"Uzi ni muzuri," akasema. "Lakini aliyeshona alikuwa na haraka. Angalia huku, amevuta sana."

"Ndipo palipopasukia!" Bibi Veronika akasema kwa furaha. "Nilijua! Nimewaambia hawa, kikapu kikisukwa hivi hakifiki sokoni." Na hapo hapo wale wanawake wawili wakakaa kwenye benchi, wakawachambua wahandisi wa ng'ambo hadi pilau ikapoa.

Binti alibaki. Sharti la Bibi ni moja tu: akija Gitega, atamkalia kama zamani.

Kwenye masomo ya jioni walinifundisha kwamba kilichorushwa juu lazima kishuke. Hawakunifundisha kwamba kikishuka kinapata ukoo, na kwamba mbele ya wakwe hata magodoro husubiri. Kuhusu Shabani, mama yake hamwulizi tena ataoa lini. Anamwuliza ataoa wa pili lini.

Wiki iliyofuata muuza magodoro alikuja mwenyewe kuona kilichomnyima chumba. Alisimama mlangoni, akakitazama kile kitu cheusi kwenye kitenge chake, akapaza sauti: "Kumbe ni hii tu?"

Mama Hadija hakuinua macho kwenye cherehani.

"Punguza sauti," akasema. "Mkwe wangu ametoka mbali."