Mbogo wa Njia ya Handaki

Mke wangu alikuwa amerudi kwao kwa sababu ya mdomo wangu. Nilimwambia, mbele ya dada zangu, kwamba mama yake anapenda kujitia katika mambo ya nyumba za watu. Alikunja leso yake akaenda. Ilibidi niwatume wazee na asali wakaniombee radhi, na baada ya mzunguko mrefu mama mkwe akalegea: nije Jumamosi jioni, nisimame langoni, mke wangu atatoka twende nyumbani.

Jumamosi hiyo hiyo nilikuwa na wageni. Siku hizo nilikuwa naongoza watu kutembea huku Meru, juu ya kijiji cha Githongo, kwenye ukingo wa msitu, nikiwaonyesha miti na mambo ya zamani. Hawa walikuwa Waayalandi wanne, wazee wenye fimbo na viatu vya maana. Mmoja alisema kwao naye huongoza matembezi ya namna hii, huwapeleka watu kwenye nyumba zilizobaki kuta tupu tangu ile njaa kubwa ya kwao ya zamani. Basi nikataka ajue kwamba hata sisi kazi tunaijua. Nilipiga domo siku hiyo, jamani. Niliwaonyesha muringa unaochongwa mizinga ya nyuki, kisha handaki ambalo mama zetu walilazimishwa kuchimba wakati wa Hali ya Hatari ya mkoloni, ili wapiganaji wa msituni wasipate chakula kutoka vijijini. Sasa limejaa majani, mtu asiyejua atadhani ni mfereji. Wale wazee walivua kofia. Nami nikajiona mtu.

Kabla ya kuanza nilikuwa nimewapa sheria moja tu. Huku kuna mbogo, nikawaambia, kwa hivyo mkiniona nimeruka kichakani, nanyi rukeni, maswali baadaye.

Tulikuwa tunateremka njia nyembamba kando ya handaki, mimi mbele nikieleza bila kupumua. Nikakata kona, na hapo mbele yangu alikuwa mama mkwe wangu, amebeba mzigo wa kuni mgongoni.

Kwetu Meru mtu hakutani na mama mkwe wake uso kwa uso njiani. Anampisha, anaingia porini hata kama ni miiba, anageuza uso mpaka apite. Ndiyo heshima ya ukwe, na mtu mwenye kesi kama yangu angeipunguza vipi? Sikufikiri hata kidogo. Niliruka ndani ya handaki.

Nao wakaruka. Wote wanne, nyuma yangu, bila swali, kama nilivyowafunza. Tuliangukia thabai, yale majani yanayowasha kama moto, na mgeni mmoja akateguka mguu.

“Ni mbogo?” akaninong'oneza yule mzee anayeongoza matembezi kwao, uso umeshaanza kumvimba.

Ningemwambia nini? Kwamba nimewatupa shimoni kwa kumkimbia mama wa watu mwenye kuni? Angenicheka mpaka kwao. “Ndiyo,” nikasema. “Tena mkubwa.”

Juu yetu mama mkwe alikuwa ameshageuka, amejifunika leso, anaongea na mti kwa Kimeru, maana naye hasemi na mkwe moja kwa moja. “Humo shimoni kuna watu wanaumia,” aliuambia ule mti. “Mwenye wageni awalete nyumbani wapakwe mafuta.” Kisha akatangulia.

Niliwapeleka. Wao wakakaribishwa ndani, mimi nikabaki langoni chini ya mti wa makadamia, najikuna. Hata hivyo moyo ulikuwa umetulia. Nilikuwa nimempisha mama, yeye amewapokea wageni wangu, na jioni ilikuwa inakaribia. Nilisikia vikombe. Nikamsikia mke wangu, mwalimu wa shule ya msingi, akiwauliza kwa Kiingereza ni nini kimewapata. Yule mzee akasimulia kwa raha zake, jinsi mbogo mkubwa alivyotokea kwenye kona na jinsi kiongozi wao alivyowaokoa.

Halafu nikamsikia mke wangu akiongea kwa Kimeru, taratibu, akimfasiria mama yake. Nilitamani handaki lile lingekuwa karibu nijitupe tena. Masikio yalinichoma kuliko thabai.

Akaja langoni. Hakuwa amekasirika, na hapo ndipo nilipoogopa.

“Mama anauliza ni mbogo gani,” akasema. “Kwa sababu njiani alikuwa yeye peke yake.”

Nilijaribu kusema habari ya heshima, kwamba niliruka kwa kumheshimu, kwamba wageni hawaelewi mambo yetu.

“Kuruka uliruka vizuri. Mama mwenyewe amekusifu, kabla hatujasikia kwamba umemwita mbogo.” Akatazama mikono yangu iliyovimba. “Wewe huniambia kila siku kwamba mgeni akielezwa huelewa. Hao ungewaeleza. Ndiyo kazi yako.”

Niliinama nikajikuna mikono.

“Nguo zangu nilishazifunga tangu asubuhi,” akasema. “Wacha nikazifungue.”

Akarudi ndani. Wageni wangu wakatoka, wamepakwa mafuta mpaka masikioni, na yule mzee akanishika mkono kwa nguvu mbele ya lango la wakwe zangu, akinishukuru kwa kumwokoa na mbogo.