Kadi Iliyokaa kwenye Kiti cha Babu

Asubuhi moja juma lililopita nilikuwa nimeinama juu ya mbabula, jiko letu la makaa, napepea makala kwa kifuniko cha ndoo, simu ikalia mfukoni. Ulikuwa ujumbe wa sauti kutoka Ubelgiji. Mjomba wangu, kaka mkubwa wa mama, anatimiza miaka sabini, na watoto wake wamemkodia ukumbi. Anataka nimtafutie zile kadi alizokuwa akimtumia mama yake alipokuwa likizoni melini. Nizipige picha vizuri, pande zote mbili, azibandike ukutani ili wajukuu wake waone kwamba hata katikati ya bahari hakumsahau mama. Mara ya kwanza nilidhani nimesikia vibaya. Nilipousikiliza mara ya pili nilicheka peke yangu hadi makala yakazimika.

Rafiki yangu, kuna watu waliojaliwa kipaji cha kusahau, na mjomba ni fundi wao. Kaa basi nikusimulie hizo kadi, maana nimezibeba moyoni miaka zaidi ya thelathini na nimechoka kuzibeba peke yangu.

Tuliishi Nyakasanza, mtaa wa mji wa Bunia, nyumba ya matofali ya udongo na mabati yaliyolia mvua ikinyesha hadi mtu akanyamaza katikati ya neno. Asubuhi tuliamshwa na mitwangio ya majirani, kila ua ukitwanga sombe yake ya majani ya mhogo, na mimi kazi yangu ilikuwa kufagia ua kabla ya shule, kisha kuwasha mbabula ya koko. Koko ndivyo tulivyomwita nyanya, mama wa mama yangu. Alizaliwa kando ya ziwa, upande wa Mahagi, binti wa mvuvi, na mikono yake haikuacha kunuka samaki hata baada ya miaka arobaini ya kuishi mjini. Mimi niliipenda harufu ile. Nikiisikia sokoni leo nageuka kumtafuta.

Babu alipokufa nilikuwa na miaka mitano. Mjomba hakuja kuzika. Alisema kazini hawakumpa ruhusa, na watu wakamwelewa, kwa sababu msiba haupigi hodi. Lakini kuanua matanga ni jambo linalopangwa, na kwa hilo alisubiriwa. Katika ukoo wao mjane huvaa kikwembe cheusi kiunoni hadi siku hiyo, na fundo la mwisho la kikwembe hulifungua mtoto wa kwanza, si mwingine. Analifungua uani mbele ya watu, kisha anakaa kwenye kiti cha baba yake na kula tonge la kwanza. Kabla ya hapo kiti hakikaliwi, na mjane haendi arusi wala haimbi. Hilo la kuimba ndilo lililomuuma koko. Alikuwa na sauti iliyoongoza kundi la akina mama kanisani, na sasa Jumapili alikaa benchi la nyuma, mdomo umefungwa, vidole tu vikicheza juu ya goti.

Mwaka ukapita, mjomba hakuja. Mama yangu, aliye wa pili, alijitolea kufungua fundo, tena si mara moja. Koko akamjibu jibu lile lile kila mara.

"Kama alikufa, utafungua weye. Lakini hakufa. Iko anaogelea."

Maana badala ya kuja, mjomba alituma kadi. Kila likizo alipanda na mke wake meli kubwa ya starehe, nyeupe, yenye madirisha mengi kuliko hospitali, na kutoka humo alimtumia mama yake picha ya meli yenyewe. Posta ya Bunia wakati huo ilikuwa jengo na popo, basi. Kadi zilipitia kwenye duka moja Kampala, na jirani yetu, mama mfanyabiashara aliyehamia kutoka Butembo, ndiye aliyezichukua huko alipofuata bidhaa. Kadi haina bahasha, na safari ni ndefu. Mwenye duka aliisoma, dereva aliisoma, na lori lilipoharibika Iga Barrière walioketi kandokando ya barabara waliisoma pia na kuijadili. Ilipofika Nyakasanza, koko alikuwa mtu wa mwisho kujua kwamba mwanawe anakula mara tano kwa siku.

Ndicho kilichoandikwa, kadi karibu zote. Kwa Kifaransa, kwa herufi za kulala, maana Kiswahili kilikuwa kimekuwa kichungu kinywani mwake. Jua ni zuri. Tunakula mara tano kwa siku. Mwaka ujao nitakuja. Mabusu makubwa. Anwani ya kumjibu haikuwepo. Mimi ndiye niliyesoma na kutafsiri, kwa kuwa nilikuwa wa kwanza darasani kwa Kifaransa na sikuacha mtu asahau hilo. Koko alisikiliza huku akichambua mchele, kisha alinyoosha mkono apewe kadi aitazame mwenyewe, upande wa picha.

"Hapa kati ni nini, bulu hivi?"

Nikamwambia ni bwawa la kuogelea.

"Mutu iko juu ya mayi, mayi huku na huku, halafu anachimba tena shimo ya mayi ndani ya chombo? Na iyi chombo inaenda wapi?"

Nilimuuliza mwalimu, nikarudi na jibu: inazunguka bahari, halafu inarudi palepale ilipotoka.

"Na samaki?"

Hakuna samaki, koko.

"Basi ilienda kufanya nini?"

Nimesoma shule, nimezaa, nimefika Kampala na Kinshasa, na bado sijapata la kumjibu. Wazungu wa kwenye kadi walikuwa wamelala kwenye vitanda vyembamba, wamepangwa kama samaki wadogo wa ndagala juani, na katikati yao nilikuwa namtafuta mjomba. Yeye hayupo kwenye picha hata moja. Ni kadi za dukani; meli haikumjua.

Nisijifanye msafi. Mimi nilizipenda zile kadi. Mwalimu wa darasa la tano aliniomba moja afundishie jiografia, nikaipeleka kifua mbele, na darasa zima lilipoamini kwamba mjomba wangu ndiye anayeiendesha meli, nikawaacha waamini. Nyumbani mama alikuwa akiuma meno kila kadi ilipoingia, na mimi nilikuwa nahesabu madirisha nikichagua chumba changu. Namdharau msichana yule karibu sawasawa na ninavyomdharau mjomba. Karibu.

Koko yeye alizitumia kama ilivyostahili. Zilikuwa ngumu, za kung'aa, zinafaa kupepea makala kuliko kipepeo cha sokoni, na meli ile nyeupe ikawa nyeusi ubavu mmoja kwa moshi wa jikoni kwetu. Hata hivyo kila jirani mfanyabiashara alipofunga mizigo ya Kampala, koko alimfuata hadi langoni na ujumbe uleule wa mdomo, ampigie mwanawe simu kutoka huko. Mwambie fundo linamsubiri. Jibu likarudi kwamba barabara za kwetu zinachosha, tena ndege za kwetu haziaminiki. Alisema hivyo mtu anayelala usingizi juu ya maji yasiyo na chini.

Miaka mitano ilipita hivyo. Kikwembe cheusi kilipauka kikawa rangi ya majivu, mama akanunua kingine. Kisha wale akina mama wa kanisani wakashona sare mpya kwa ajili ya sikukuu ya parokia, kitenge cha kijani chenye maua. Koko alichukua kipande chake kama wengine, akakikunja, akakiweka sandukuni. Nilimkuta siku moja amefungua sanduku, amekilaza kitenge mapajani, anakipapasa. Hakunifukuza. Juma lilelile kadi nyingine ikafika: jua, kula mara tano, mwaka ujao, mabusu. Nilipomaliza kusoma hakunyoosha mkono. Alisema tu nimwite mdogo wake babu.

"Kilio tutatosha siku ya posho," akamwambia, yaani matanga yaanuliwe Jumamosi. "Mutoto amekuya."

Jumamosi ua ulijaa. Kulikuwa na bugali, sombe iliyotwangwa tangu alfajiri, na kapiteni mmoja, samaki wa ziwani kutoka Tchomia, mkubwa hadi mkia ukatoka nje ya beseni. Kiti cha babu kilifutwa vumbi na kuwekwa katikati. Watu walikuwa wakitazama langoni, wakiulizana mgeni yuko wapi. Koko akatoka ndani na kikwembe chake cheusi, ameshika kadi. Akaiegemeza kwenye kiti, meli ikitazama watu.

Mdogo wake babu alisimama. "Mama, karatasi haikae mu kiti ya muzee."

"Kwetu ku ziwa," koko akasema, bila kupandisha sauti, "muvuvi akiwa mbali, banaweka kasia yake pahali pake. Uyu mutoto hana kasia. Iyi njo kitu alituma. Hakutuma kingine."

Yule mzee aliitazama kadi, akamtazama koko, akavua kofia. Akainama mbele ya kiti kwa adabu zote.

"Karibu, mutoto. Safari ilikuwa namna gani?"

Watu walivunjika mbavu. Wakapanga mstari kuisalimu kadi, mmoja mmoja, kumpa pole ya bahari, kumuuliza habari ya mke, kumwambia amenenepa. Upepo ulikuwa ukiiangusha, nikaambiwa nikae chini pembeni ya kiti niishike. Mama yangu aliichukua kidogo, akaibana kati ya vidole viwili, na kwa vidole hivyohivyo akafungua fundo. Wote walikuwa wakicheka isipokuwa koko. Mimi nilikuwa chini, nikamwona vizuri. Hadi fundo linaachia alikuwa anatazama lango.

Sahani ya kwanza iliwekwa mbele ya kadi, kipande cha kapiteni cha tumboni, kile kinono. Nzi wakaanza kukizunguka, na mimi mate yakanijaa. Koko akaniona.

"Kula sahani ya noko yako. Yeye anashiba kule, mara tano."

Nikala sahani ya mjomba. Sijawahi kula samaki mtamu vile, na aibu haikunizuia kulamba vidole.

Jioni ilipokaribia walichoma kikwembe cheusi nyuma ya nyumba. Koko akaleta kadi zote zilizobaki, akazitupa humo, mwishoni na ile ya kwenye kiti. Zilijikunja, rangi ya buluu ikageuka kijani. Sijui ni shetani gani aliyenituma: nilipenyeza mkono nikaichopoa ile ya mwisho, iliyokaa kwenye kiti, kona yake imeshaungua na kidole changu pia. Nilitegemea kofi. Koko alinitazama, akakipulizia kidole.

"Weka. Siku moja ataiuliza."

"Akiuliza, nimuambie nini?"

"Umuambie alikula muzuri."

Kesho yake aliimba, amevaa kitenge cha kijani. Sauti ilikuwa imeshika kutu, akakosea ubeti wa pili, hakujali hata kidogo. Aliimba miaka minne tu baada ya hapo. Alipokufa yeye, mjomba alituma salamu za rambirambi kupitia kwa jirani. Alikuwa safarini, na unajua safari ya namna gani. Tangu siku ile ya kiti, ndani ya ukoo hana jina lingine. Tunamwita Kadi. Kadi amepiga simu. Kadi amestaafu. Yeye hajui, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumwambia, au tuseme hakuna aliyeona kwamba anastahili kujua.

Nyumba ile tuliiuza baada ya vita. Aliyeinunua amejenga ukuta, na pale mbabula ilipokuwa ameegesha pikipiki tatu. Mitwangio imepungua, sombe siku hizi inasagwa kwa mashine kabla jogoo hajamaliza kuwika. Jirani aliyekuwa akienda Kampala amezeeka, hakuna tena anayempa salamu azibebe kwa mdomo wake. Sasa kila kitu kinafika kwa dakika moja, na watu hawafiki kabisa. Nautamani ule ujinga wetu wa kuisoma kadi ya mtu mwingine barabarani na kuumia kwa niaba yake. Iga Barrière nzima ilikuwa inamhurumia koko. Leo nani angejua?

Kadi ninayo. Imo ndani ya misale ya koko, kitabu chake cha zamani cha misa, kona nyeusi, meli nzima, ikiwa na doa la mafuta ya kapiteni juu ya bwawa. Niliitoa siku ile ya ujumbe, nikaigeuza. Mwaka ujao nitakuja. Niliwaza namna itakavyoonekana ukutani kwenye ukumbi wa Ubelgiji, wajukuu wakimpigia makofi babu yao mwenye upendo. Nikairudisha ndani ya misale, nikamwandikia: "Mjomba, ziliungua zote. Koko alizichoma siku ya kuanua matanga ya babu. Lakini aliniachia ujumbe wa kukupa: ulikula vizuri."

Jibu lilifika kabla sijaweka simu chini. Hakuuliza alikula nini, wala wapi, wala fundo lilifunguliwa na nani. Ilikuwa ile sura ya njano inayotiririkwa na machozi, tatu kwa mstari, na chini yake: "Hasara! Zilikuwa kadi nzuri sana."

Koko alitazama lango miaka mitano akisubiri chozi la mtoto wake wa kwanza. Limefika, rafiki yangu. Anazililia kadi.