Alipokosea Kitambaa Chekundu, Nilimwambia Yuko Sawa

Admin, nifichie jina langu na la kijiji, mengine yaache kama yalivyo. Nina miaka 57, ni muuguzi mkunga kwenye zahanati moja huku juu milima ya Uluguru, nimebakiza mitatu nistaafu. Sijaja kuomba pole. Nina hasira, tena imeanza kunipa raha, na hilo ndilo linalonitisha.

Nilianza kazi enzi za ruksa, mitumba ilipoanza kufika hadi kwenye gulio letu. Wajawazito wa vitongoji vya mbali walikuwa wanatufia njiani. Nikanunua sweta na mashati ya mitumba, nikayachana vipande, nikavitundika ukutani kwenye misumari, kila mama na kitambaa chake. Kijani, anakaa karibu, atakuja kwa miguu. Njano, yuko mbali, ashuke mapema akae kwa ndugu. Chekundu, huyu atabebwa kwa machela, kwa hiyo siku zikikaribia habari apelekewe mjomba wake. Siyo mume. Kwetu Waluguru mume anakuja kukaa kwenye ardhi ya ukoo wa mke, na wabebaji ni wanaume wa ukoo huo. Mjomba akitamka, wanaume wanane wako mlangoni. Mume akiomba, anaambiwa subiri. Hilo nililijua baada ya kumzika mama mmoja mjamzito ambaye mumewe alizunguka nyumba kwa nyumba kutwa nzima akiomba watu.

Sasa kuna huyu ninayemwita Matroni. Alikuja kwangu akiwa mwanafunzi wa mazoezi, mgeni wa mkoa huu, hata kumshika mtoto mchanga anatetemeka. Nilimfundisha, nikamlisha, nikamwita mwanangu. Leo ni mkubwa wa wauguzi hospitali moja huko Morogoro mjini, na anasoma shahada ya uzamivu ya uuguzi kwenye chuo binafsi, ile yenye masomo ya darasani na mradi wa vitendo. Miaka miwili nzima simu yangu haikupumzika. "Mama, shikamoo, nina asaimenti ya usalama wa mgonjwa, niambie jinsi vitambaa vyako vinavyofanya kazi." Kesho yake, "Mama, hii ni kozi ya uongozi, nirekodie sauti kidogo." Nami mjinga narekodi, jasho linanitoka, mboga inaungua jikoni. Nilidhani namsaidia mwanangu asome.

Mwezi uliopita akaniletea kitabu cha mradi wake nikipitie. Jalada zuri, kimepigwa chapa. Ndani kimeandikwa mfumo wa vitambaa umebuniwa na mwandishi. Nikajitafuta mimi. Nikajikuta kwenye ukurasa wa shukrani, mstari mmoja: mhudumu wa zahanati aliyesaidia kutundika. Mhudumu! Mimi niliyesomea ukunga, niliyezalisha nusu ya mlima huu, nimekuwa wa kutundika matambara!

Nilimuuliza. Akacheka kidogo, akanishika bega. "Mama, usikasirike. Kitaaluma ndivyo inavyoandikwa. Wewe ulikuwa unafanya kwa mazoea, mimi nimeipa sayansi."

Jamani, nilitaka kumrushia kile kitabu usoni. Nikajikaza, nikafungua kurasa, na hapo ndipo nikaliona kosa. Kaandika kitambaa chekundu maana yake habari apelekewe mume. Sura nzima, na mchoro, na mshale unaoelekea kwa mume. Nilikuwa nimemwambia mjomba mara ngapi sijui, lakini yeye kichwani mwake mwenye mke ni mume, basi. Akaniuliza, "Umeona kosa lolote, Mama?" Nikamtazama machoni. "Hakuna, mwanangu. Usibadili hata nukta."

Alhamisi hii jopo la walimu wake wanapanda huku kuona vitambaa na kuongea na akina mama. Nimeshajiandaa. Nimewaalika wajomba watatu, mmoja ana mdomo hatari. Walimu watauliza, "Chekundu maana yake nini?" na Matroni atajibu "mume", na ukumbi mzima utaangua kicheko. Halafu nitasimama mimi mhudumu. Nimeshaipiga pasi sare yangu. Nalala naiwaza siku hiyo, naamka naiwaza, chakula kinapita kooni kitamu.

Jana muuguzi kijana wa zahanati ya ng'ambo ya pili ya mlima akanipigia. "Shikamoo, Mama. Matroni ametuletea vitambaa, tumeanza kwa majaribio. Nina mmoja wa kitambaa chekundu, mimba ya kwanza, mume wake nimeshampa taarifa." Nikauliza ni nani. Akanitajia. Huyo binti nilimpokea mimi kwa mikono hii siku anazaliwa, mama yake akampa jina langu. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Vizuri, hongereni," nikakata simu.

Nikimpigia sasa yule muuguzi kijana nimwambie ampelekee mjomba habari, atamuuliza Matroni, maana kitabu ni chake. Matroni atarekebisha usiku mmoja, Alhamisi atasimama mbele ya walimu akiwa safi, na atavishwa joho kwa jasho langu. Nikinyamaza hadi Alhamisi, namwaibisha asahau hata jina lake. Ni siku mbili tu. Najiambia mimba ya kwanza huchelewa. Najiambia labda mume atapata watu. Miaka yote hii ya ukunga, najua ninavyojidanganya.

Msiniambie nimsamehe, sijauliza hilo, na simsamehe. Nauliza kuhusu simu hii iliyoko mezani. Nishaurini, nifanye nini? Ila nijibuni leo, maana tangu asubuhi mvua inanyesha huku juu, njia zimeanza kuteleza, na yule binti siku zake zimefika.