Propela ya Mteja Mjuaji

Mteja wetu mjuaji huigeuza kila propela dukani kwenye mwanga, huipangusa kwa leso, kisha hujitazama humo na kunyoosha kola. Vidole vyake laini havijawahi kugusa grisi. Fundi alimweleza taratibu kwamba boti ya kumvuta mtu juu ya ubao inataka propela ya mapanga manne, yanayovuta kwa nguvu na kushika maji boti ikikata kona. "Mwendo, fundi, mwendo!" alimkatiza kwa ile sauti yake ya puani, akabeba ya mbio, yenye mapanga matatu, kwa kuwa iling'aa.

Jumamosi tulimwona majini. Mkewe alikuwa nyuma, kamba mkononi, ubao miguuni. Injini ilinguruma, boti ikajikokota, na mama wa watu akaburutwa kifudifudi akinywa maji. Mara tatu. "Simama basi, mama watoto! Huna mazoezi!" alifoka, huku akijichana nywele. Mara ya nne mkewe aliiachia kamba, akaogelea, akapanda botini na kushika usukani. "Haya, baba watoto, shuka wewe nikuvute." Aliyatazama maji, akatutazama sisi tuliokuwa gatini, akasema leo amekula sana.