Ndege Aliyemgonga Mwenzake

Crispus Mwandoe aliajiriwa na shamba la mkonge kuchunga kiwanja chao cha ndege, kipande cha vumbi kilichofyekwa chini ya mlima wa Sagalla. Alikata nyasi, akafukuza mbuzi, ngiri, kanga na chochote kingine kilichopenda kuota jua pale. Hakuwahi kupanda ndege hata siku moja. Majirani walimwita Rubani, naye, kwa ujinga wake, alilipenda jina hilo.

Aliyetua hapo mara nyingi ni Solomon, kijana wa Taveta aliyerusha ndege ndogo ya watu wa kuhesabu tembo. Hakuondoka bila kumsalimia Wakio, mkewe Crispus. Sasa Solomon hayupo, kwa sababu mheshimiwa mmoja alitaka kuona tembo kwa karibu kabla ya chakula cha mchana. Helikopta ya kijeshi iliyombeba ilichomoka nyuma ya mlima chini chini, kwa maringo, ikaivaa ndege ya Solomon iliyokuwa inajiandaa kutua, ikaikata mkia. Helikopta yenyewe ilipepesuka ikatua kwenye mkonge. Mheshimiwa akashuka mzima, analalamikia suruali yake iliyochanika. Solomon alizikwa Jumamosi.

Crispus aliona yote. Wafanyakazi wengine walikuwa wameinama wakikata mkonge, au ndivyo walivyosema walipoulizwa.

Kamati ilipofika Voi kutafuta mwenye kosa, Wakio alimsihi mumewe.

"Baba Milka, sema hukuona. Ukiwagusa wanajeshi utamwaga unga. Watoto watakula huo ukweli wako?"

"Wanataka kumbandika Solomon hilo kosa. Atajitetea vipi na amekufa?"

"Na sisi tulio hai?"

Crispus alivaa koti lake la kanisani, akaenda.

Kamati ilikuwa wanaume wanne na jagi la maji. Mwenyekiti wao alijivunia Kiswahili sanifu kuliko alivyojivunia akili, na kwa kweli alifanya vizuri kuchagua hicho cha kwanza. Crispus naye alikisema Kiswahili kama wengi wetu tuliokulia Kidawida, lugha yetu ya nyumbani: ngeli tunazichukua kama zilivyokuja, hatuzipangi foleni.

"Ndege alitoka nyuma ya mlima," akasema. "Alikuja chini sana, akamgonga mwenzake."

Mwenyekiti akainua kidole. "Umesema alitoka? Si ilitoka?"

"Ndiyo, mzee. Alitoka mbio."

"Alitoka! Akamgonga! Mabwana, hiyo ni ngeli ya viumbe hai. Shahidi anamzungumzia ndege mwenye manyoya."

"Hapana, mzee. Huyu ni wa chuma, wa wanajeshi..."

"Shahidi asibadilishe maneno yake. Keti."

Afisa mmoja wa jeshi aliyekaa pembeni alipumua kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akajimiminia maji. Mtu mwenye akili hata kiduchu angeuliza ni ndege gani wa porini anayeweza kukata mkia wa bati. Labda tai aliyebeba panga. Lakini hakuna aliyeuliza. Wazee wazima, wenye mishahara na madereva wakiwasubiri nje, walilishika lile "a" la Crispus kama kamba ya kutokea kisimani.

Basi ikaamuliwa kwamba helikopta ilikuwa ikimkwepa ndege wa angani ilipoigonga ile ya Solomon. Jeshi likawa safi. Mheshimiwa akawa safi zaidi. Hata Solomon akatoka safi, na hapo Crispus alimshukuru Mungu moyoni, akadhani shughuli imekwisha.

Kumbe wenye vyeo hawalali vizuri kosa likibaki bila jina la mtu.

"Na pale kiwanjani," mwenyekiti akauliza, "kufukuza ndege ni kazi ya nani?"

Meneja wa shamba, aliyekaa nyuma siku nzima, hakujisumbua hata kusimama. Alimwonyesha Crispus kwa kidevu.

Jioni Wakio alikuwa uani analoweka nguo. "Wamesemaje?"

"Wamesema ni ndege. Wa manyoya."

"Afadhali! Basi hakuna mtu wa kulaumiwa."

"Yuko. Wamesema huyo ndege alikuwa wangu."

Wakio alicheka sana, akidhani ni mzaha, akaivuta sare ya kazi ya mumewe aitie kwenye maji. Crispus aliichukua mkononi mwake, akamwambia hii asiifue, kesho anairudisha.